Mwalimu Asiyetazama Wake za Watu

Na ijulikane kwa wakubwa na wadogo, kwa wavaa kofia za singa za farasi na wavaa vitambaa vya jasho, kwa ng'ombe wa kulimia na mbwa wa majalalani, na kwa kila chenye pumzi katika bonde la Namsil, ya kwamba nchi nzima ya Joseon, toka mpaka wa kaskazini hadi kisiwa cha mwisho cha kusini, haijapata kumzaa mwanamume mwenye macho safi kama Mwalimu Maeng Chi-deok. Bwana huyu hakupata kumtazama mke wa mtu. Wanawake walipanda kutoka kisimani na mitungi kichwani, mikono juu, vikoti vyao vifupi vimevutika, na wanaume wa Namsil, hata wale waliomaliza vitabu vyote vya adabu, walishikwa ghafla na haja ya kuinama kukaza kamba za viatu. Maeng alipita katikati yao kama gogo linalochukuliwa na mto. Shingo haikugeuka. Ukope haukucheza.

Na si hilo tu. Alikuwa mnyenyekevu: alikanyaga mavi ya ng'ombe njia kuu, mbele za watu, na uso haukukunjika. Alijua cheo chake: mtu wa chini akimwinamia kimyakimya, yeye alipita tu. Na zaidi ya yote alikuwa na huruma. Kwetu mzazi anayempeleka mtoto kusoma hukata fimbo mwenyewe mlimani, akazifunga fungu, akampa mwalimu kwa mikono miwili, maana yake nyama zako, mifupa yangu: chapa, ila usivunje. Darasani kwa Maeng mafungu hayo yaliota ukungu pembeni. Wazee wakikaa na pombe yao ya mchele walisema, "Huyo ndiye mwalimu. Wenzake wanafundisha kwa fimbo, yeye anafundisha kwa jicho tu."

Kwa jicho tu! Maeng alikuwa akipita nje ya ukuta aliposikia hayo, na siku hiyo uji wa shayiri ulimkwama kooni kama mfupa.

Maana Mwalimu Maeng alikuwa kipofu.

Hakuzaliwa hivyo. Ukungu ulianza jicho la kushoto, kama moshi wa jiko uliokataa kutoka, ukahamia la kulia, ukazidi mwaka hadi mwaka mpaka dunia ikawa kama ua unaotazamwa kupitia karatasi ya dirishani: unajua kuna jua, unajua kuna kitu kimepita, basi. Wake za watu hakuwatazama kwa sababu hakujua kama wamepita wake au mafahali. Watoto hakuwachapa kwa sababu hakujua mguu unaishia wapi na jicho linaanzia wapi.

Ila vitabu alivijua. Ujanani alikwenda mji mkuu kufanya mtihani wa serikali mara nyingi hata wenye nyumba za wageni njiani wakawa wanamwita kwa jina, na kila mara alirudi na matumaini mapya na cheo kilekile, yaani hakuna. Mtu wa namna hiyo kwetu ana kazi moja, kufundisha watoto wa wenzake ili nao waende wakafeli. Lakini kufeli huko kulimwachia kitu: kila kinachosomwa darasani kilikuwa kichwani mwake, ukurasa kwa ukurasa. Na desturi yetu ya kukariri ikamsitiri. Mtoto anayekariri humgeuzia mwalimu mgongo, asije akachungulia kitabu kilicho wazi juu ya meza. Mtoto anatazama ukuta, mwalimu anatazama kitabu. Nani atajua kwamba hakuna anayetazama chochote? Maeng alisikiliza, akakohoa palipokosewa, na mara mojamoja akafunua ukurasa, kwa adabu tu.

Aliyejua ni mmoja, mkewe, Mama Sun-deok. Kila asubuhi aliingia kufagia darasa akakiweka kitabu mezani, na kidole gumba cha mumewe kikakikagua. Mshono wa nyuzi upande wa kulia. Kipande cha karatasi chenye jina la kitabu, kimebandikwa pembe ya juu kushoto. Kulia nyuzi, kushoto karatasi: kitabu kimekaa sawa. Hayo ndiyo yaliyokuwa macho ya Mwalimu Maeng, nyuzi na gundi.

Kwa nini asiseme? Rahisi kuuliza ukiwa unaona. Nyumba aliyolala ilikuwa ya darasa, na mchele aliokula ulichangwa na baba za watoto baada ya mavuno. Siku watakapojua, yeye na mkewe watakuwa njiani kabla chungu hakijapoa. Na kipofu kwetu haulizwi atafanya kazi gani. Atapewa fimbo ya kupapasia na kopo la vijiti vya ramli, apite mlango kwa mlango awaambie wajakazi wataolewa lini.

Namsil ilikuwa na wa kwake, Kipofu Pyo, aliyekuja kila mavuno yakiingia. Fimbo yake ilitangulia: tok, tok, tok, juu ya mawe ya njia, na kopo likicheza kiunoni. Sauti hiyo ilimpanda Maeng kwenye uti wa mgongo kama maji ya barafu. Siku moja wakakutana penye daraja la magogo. Maeng alijibanza pembeni, akabana pumzi, ili apite yule. Fimbo ikasimama.

"Nani huyo anayebana pumzi?"

"Ni mimi, Mwalimu Maeng. Pita."

"Alaa, Mwalimu! Nilidhani ni mwenzangu."

"Mwenzako wa nini?"

"Unaburuta kidogo mguu wa kushoto kabla hujakanyaga," Pyo akasema kwa upole, kama mtu anayemsifia mwenzake viatu. "Mwenye macho haulizi njia kwa kidole cha mguu."

"Koma! Mimi ni mtu wa ukoo. Usinifananishe na wewe."

"Nimekoma, bwana wangu." Pyo akacheka, na kopo likacheka naye. "Ila siku ukihitaji vijiti usijikatie mwenyewe, utakatika vidole. Niite mimi. Ya kwanza sikutozi."

Tok, tok, tok, akaenda zake. Maeng alibaki ameshikilia gogo la daraja, jasho likimtiririka ndani ya joho. Kama mtu asiye na macho ameona, wenye macho watachelewa mpaka lini? Tangu siku hiyo akawa anainua miguu juu anapotembea, kama jogoo kwenye tope, akatumbukia mtaroni mara mbili. Wazee wakasema ni mawazo mazito ya kisomi.

Sasa basi, mwenye Namsil yake alikuwa Mzee Gwak. Mashamba ya mpunga yake, kinu chake, mwalimu kamwajiri yeye, na ndevu alikuwa nazo za kutosha kwa wazee wengine wawili. Alikuwa na mjukuu mmoja wa kiume aitwaye Soettong, yaani mavi ya ng'ombe, jina alilopewa ili pepo wa ndui akipita achukie kumgusa. Dawa hiyo inafanya kazi, mtoto alikuwa hai, ila ilikuwa raha kumsikia bwana mkubwa, kofia kichwani, akitangaza mbele ya wageni, "Mavi ya Ng'ombe ndiye tegemeo la ukoo wetu."

Mkwe wake Gwak, wa mji wa wilaya, alikuwa amejinunulia picha ya korongo wanaruka, na akawa kila barua anawataja korongo. Gwak hakulala. Mwisho akamwita mchoraji mzururaji aitwaye Heo, akamwambia, "Mwenzangu ana ndege. Mimi nina elimu. Nichoree darasa langu, watoto wanasoma, mwalimu mbele, kila mtu aone Namsil ni mahali gani."

Habari zilipofika kwa Maeng alikuwa anakula. Kijiko kililia kwenye bakuli.

"Mchoraji?" akamuuliza mkewe. "Ninajua kuwadanganya wazee. Wazee hawatazami, wanasubiri zamu ya kusema. Lakini huyu kazi yake ni kutazama!"

"Basi sema unaumwa."

"Atasubiri nipone. Analala kwa Gwak, anakunywa pombe ya Gwak. Wewe ungekuwa na haraka?"

Mama Sun-deok akamrudishia kijiko mkononi. Kisha akasema, "Baba Sun-deok, mimi nitakuwepo asubuhi. Nitakuwekea kitabu kama kila siku. Wewe kaa, inamisha kichwa, fanana na mwalimu. Hilo hata mwenye macho mawili analiweza."

Siku yenyewe Gwak aliingia darasani na harufu ya hariri mpya. Kitabu cha shule, kilichojaa masizi na mafuta ya vidole vya watoto, alikitupa pembeni. "Hiki hakiingii kwenye picha yangu. Nimeleta cha kwangu, kimetoka kushonwa jana. Na wewe mama, asante, toka, hatuchorwi na mafagio."

Maeng alisikia nyayo za mkewe zikisimama mlangoni, zikangoja, zikaondoka. Alibaki na kitabu kigeni mikononi.

Gumba likaenda kulia: nyuzi zipo. Afadhali. Likaenda kushoto juu, kutafuta karatasi ya jina. Hakuna. Likapapasa tena, polepole, kama linapangusa vumbi. Jalada lilikuwa laini mwanzo mpaka mwisho. Karatasi ya jina ilikuwa bado haijabandikwa. Na watu wetu mnajua, ila Maeng kwa hofu ile hakukumbuka: kitabu kikilala kifudifudi, kichwa chake kikiwa kwa msomaji, nyuzi hubaki kulia vilevile.

"Vipi, Mwalimu, unakipenda?" Gwak akauliza.

"Ninaona ushonaji mzuri sana," Maeng akasema, akakiweka mezani, akakifungua.

Darasa likatulia. Lilitulia kupita kiasi, kama panzi wanavyonyamaza nyoka akiingia nyasini. Soettong, zamu yake, akageuka mgongo akaanza kukariri. Nyuma mtoto mmoja alicheka puani, wa pili akamfuata, wa tatu akapigwa kiwiko. Wanamcheka mchoraji, Maeng alijiambia. Alisikia mkaa wa Heo ukikwaruza karatasi, kwaru, kwaru, kama panya ghalani. Kisha ukasimama. Mkaa ukisimama maana yake jicho linafanya kazi. Maeng aliuhisi usoni ule mtazamo, kama joto la kaa linalosogezwa.

"Mwalimu, tazama huku kidogo."

Akaielekea sauti.

"Huku nilipo, Mwalimu. Hapo nimeweka kofia."

Watoto hawakucheka tena, na hilo lilikuwa baya zaidi. Maeng aligeuza uso kidogo, na kidogo tena, Soettong akiendelea kukariri ukutani kwa sauti moja kama maji ya mtaro.

"Hapohapo," Heo akasema polepole. "Inatosha. Nimeshaona."

Jioni ile Maeng alimvizia mchoraji penye lango, akijifanya anafunga kuku.

"Bwana Heo. Hicho ulichosema umekiona, umekiona nini?"

"Darasa," Heo akajibu, akinuka pombe. "Mwalimu, mimi kinywa changu nakitumia kunywea tu. Usiogope kinywa changu."

"Basi niogope nini?"

"Mkono. Mkono wangu haujui uongo. Nimeufundisha, umekataa." Akaondoka akipiga mluzi.

Zikafuata siku za kusubiri rangi ikauke, na mimi siwezi kuzieleza zaidi ya kusema kwamba Mama Sun-deok alianza kufunga vyombo. Bakuli mbili, sufuria, mtungi mdogo wa figili zenye pilipili. Aliviweka nyuma ya mlango, bila neno, na kila mara Maeng alivigonga kwa mguu, maana hapo zamani hapakuwa na kitu.

"Mama Sun-deok, umetuagia tayari?"

"Nimepanga tu. Nenda kamwambie Mzee Gwak mwenyewe, kabla picha haijamwambia. Anaweza kutuachia mchele wa kufikia masika."

"Nikamwambie nini? 'Bwana, nimekula mchele wako miaka yote kwa kukariri'?"

"Ndiyo maneno yenyewe. Tena umeyapanga vizuri."

"Hukumsikia Pyo na kopo lake!"

"Nimemsikia. Analala penye joto kuliko sisi."

Hakwenda. Alikuwa na woga wa aina ile inayomfanya mtu aone kesho ni mbali.

Picha ikafunguliwa katika ukumbi wa Gwak, wazee wamekaa kwa vyeo, watoto wamesimama nyuma, harufu ya keki za mchele ikitoka jikoni. Maeng aliwekwa mbele kabisa kama mheshimiwa. Alisikia kamba ikifunguliwa, karatasi ikashuka kwa mlio wa bawa. Akatabasamu mahali alipodhani pana picha.

Kimya.

Kikaendelea. Mzee mmoja alimeza mate, na Maeng akaweza kumfuata yale mate mpaka chini. Mkono wa mchoraji ulikuwa umesema, na kila mtu alikuwa anasikia isipokuwa yeye.

"Babu!" Sauti ya Soettong ikapasua. "Kitabu cha Mwalimu kimesimama kichwa chini miguu juu!"

Kofi likalia. Maeng alijua sasa. Alisikia damu masikioni, akasikia kwa mbali, labda kweli, labda kichwani mwake tu, tok, tok, tok.

Lakini fikirini na hali ya Mzee Gwak. Kitabu ni chake. Mwalimu kamchagua yeye. Mchoraji kamleta yeye, na barua kwa mkwe ilikwisha tumwa ikisema picha inakuja, korongo wajiandae. Mtu akiwa na mali nyingi hivyo ndani ya aibu moja, hawezi kuiacha ibaki aibu. Akakohoa. Akashika ndevu. Akakohoa tena, na kwenye kikohozi cha pili akapata falsafa.

"Nilikuwa nangoja," akasema, "nione nani ataelewa."

Akanyoosha kidole kwenye picha.

"Mwalimu wa kawaida hujielekezea kitabu mwenyewe. Mchoyo! Mwalimu Maeng amekielekeza kwa mwanafunzi. Amejinyima yeye, akampa mtoto. Anasoma kinyume, kwa mapenzi!"

"Lakini babu, mimi nilikuwa nimegeukia uku..."

Kofi la pili.

"Na mimi nilitaka kusema hilohilo," mzee mmoja akasema haraka.

"Mimi niliona tangu kamba inafunguliwa," akasema mwingine. "Nikanyamaza kwa heshima."

Wakapiga magoti yao kwa viganja, wakashangaa, wakakumbushana jinsi asivyotazama wake za watu. Maeng akavuta pumzi, ya kwanza yenye hewa tangu asubuhi. Alikuwa bado ana nyumba. Alikuwa bado ana mchele. Angekumbatia mtu, kama angejua wamekaa wapi.

"Kwa hiyo," Gwak akaendelea, maana mtu wa aina yake akipata falsafa haiachi bila kuitungia sheria, "kuanzia kesho watoto wote wa Namsil watasoma vitabu vikiwa vimepinduliwa. Na siku ya sherehe ya Soettong ya kuosha kitabu, namwalika mkwe wangu na walimu wa bonde zima. Mtoto atasoma hivyo mbele yao, ukurasa watakaouchagua wao. Halafu mkwe atuambie habari za korongo."

Kuosha kitabu ni furaha kwetu. Mtoto amemaliza kitabu, mama anatengeneza keki za mchele zenye ufuta tumboni, ili na kichwa cha mtoto kijae hivyo, na mwalimu anakula za kwanza. Lakini katika nyumba ya Gwak siku hizo kila mtu aliinama kama anayengoja mvua ya mawe. Watoto waligeuza vitabu na herufi zikawa kunguni waliolala chali. Waliokuwa wanasoma wakaacha kujua kusoma. Gwak alikuja mwenyewe darasani kila siku. "Huruma ya Mwalimu tunaijua," alisema, "nitamsaidia kazi ya fimbo." Mafungu yaliyoota ukungu yakapanguswa.

Maeng alikaa mezani akasikiliza. Fimbo nyembamba ina sauti mbili, moja hewani, moja mguuni, na katikati yake kuna nafasi ndogo ambamo mtoto anavuta pumzi. Alijifunza kuichukia ile nafasi. Kila alipotaka kufungua kinywa aliona kopo la vijiti, akakifunga.

Mchana mmoja wenzake walipotoka, Soettong alibaki. Maeng alimtambua kwa kuvuta kamasi.

"Mwalimu."

"Nini?"

"Nifundishe unavyofanya. Unaanzia herufi ya chini au ya juu?"

Maeng akapapasa pembe ya kitabu.

"Nikijaribu tumbo linauma. Jana nimetapika kwenye kiatu cha babu. Amesema siku ya wageni nikikosea atanipa jina lingine, niwe mtoto wa mtumishi." Akavuta kamasi. "Mwalimu, wewe ukiwa mdogo ulikuwa unaogopa?"

"Anzia moyoni," Maeng akasema.

"Moyoni wapi?"

"Nenda nyumbani, Soettong."

Nyayo zikaenda, nyepesi, moja ikichechemea. Mwalimu Maeng alikaa mpaka sakafu ikapoa chini yake, na Mama Sun-deok alipokuja kumwita chakulani alimkuta ameshika kitabu, anakipindua na kukipinduapindua, kama mtu anayetafuta mlango wake.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa walimu wa bonde, kofia kwa kofia, na mkwe mwenye korongo amekaa juu ya mto mnene akipepea kwa nguvu kuliko joto lilivyotaka. Picha ilining'inizwa ukutani. Keki zilipangwa kwenye majani ya msonobari. Soettong aliletwa kati, kavalishwa vazi jipya la rangi, kitabu kikafunguliwa mbele yake kichwa chini, na mkwe akachagua ukurasa kwa kuuchoma na ncha ya upepeo wake.

"Soma."

Mtoto akaanza. Neno la kwanza likaja. La pili likaja limevunjika. Baada ya hapo ikawa ni pumzi tu, inaingia na kutoka, inaingia na kutoka.

"Anafikiri," Gwak akasema.

"Anafikiri sana," mkwe akasema. "Korongo wangu wangekuwa wameshafika China."

Wageni wakacheka. Gwak hakucheka. Maeng alisikia fungu la fimbo likifunguliwa, na moja ikaletwa mpaka ikamgusa kiganja.

"Mwalimu," Gwak akasema kwa sauti ya chini yenye meno, "huruma ina mwisho wake. Mkono wako leo, siyo wangu. Waone kwamba ni kosa la mtoto, si la somo."

Soettong akapandishwa juu ya gogo la kuchapiwa. Akakunja suruali mwenyewe, kama mtoto aliyefundishwa. Fimbo ilikuwa imelowa tayari, kwa jasho la mkono wa mwalimu.

Sasa Maeng hakujua mguu uko wapi. Hakuna pembe ya ukumbi ule iliyokuwa haimtazami. Akapiga hatua, kisha nyingine, akainama, na kwa kuwa hakuwa na namna akanyoosha mkono wa kushoto kutafuta. Vidole vikafika penye shavu la mguu, juu karibu na goti. Ngozi ilikuwa na makovu ya vidonda, mengine bado mabichi, mistari juu ya mistari, na chini ya makovu nyama ilikuwa inatetemeka. Mtetemeko ule aliujua. Ulikuwa wake, alilala nao na kuamka nao tangu ukungu ulipoingia. Juu yake meno madogo yaligongana.

"Mwalimu," Soettong akanong'ona, "huko ni gotini. Piga chini kidogo."

Maeng hakuondoa mkono.

Gwak aliona kuchelewa kule, akakuelewa vibaya kama kawaida yake, akaamua kuijaza nafasi ile kwa hotuba. Akasimama. Wageni wakasimama naye.

"Waheshimiwa! Mkwe wangu mpendwa! Kabla fimbo haijashuka, na isemwe mbele ya mababu zetu: mnamwona hapa mtu ambaye hakupata kumtazama mke wa mwenzake, mtu ambaye kwake juu ni chini na chini ni juu, mtu aliyekigeuza kitabu kwa mapenzi ya mtoto, akakisoma kwa macho yaliyovuka macho yetu sote. Mwalimu Maeng Chi-deok, nuru ya Namsil! Waambie wageni hawa kwa kinywa chako mwenyewe, ulikifikiaje kiwango hiki cha kuona?"

"Sijakifikia, Mzee Gwak," Maeng akasema. "Mimi ni kipofu. Kitabu nilikiweka vibaya."